Koitalel arap Samoei: Shujaa aliyeandikiwa kifo na muuaji wake

Kila mwaka ifikapo Oktoba 20, Wakenya huadhimisha Sikukuu ya Mashujaa. Gwaride hupigwa, nyimbo huimbwa, na majina ya waliopigania uhuru hutajwa mbele ya umati. Ni wachache katika umati huo wanaokumbuka kwamba siku moja tu kabla ya sikukuu hiyo ndiyo siku aliyouawa Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mnamo Oktoba 19, 1905. Sikukuu yenyewe haikuchaguliwa kwa ajili yake. Tarehe hiyo inatokana na kukamatwa kwa Jomo Kenyatta na wenzake mwaka wa 1952, na kwa miaka mingi iliitwa Siku ya Kenyatta hadi Katiba ya 2010 ilipoibadilisha jina. Basi kumbukumbu ya Koitalel hupita kimyakimya katika mkesha wa karamu ya wengine.

Sisemi haya ili tuongezewe sikukuu nyingine. Nayasema kwa kuwa maisha ya mtu huyu, na hasa yale yaliyoandikwa juu yake baada ya kufa, ni darasa kamili kwa kila mwalimu wa historia na kila mwanafunzi anayetaka kujua namna taifa linavyokumbuka, linavyosahau na wakati mwingine linavyojidanganya.

Koitalel alizaliwa yapata mwaka wa 1860. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa Orkoiyot wa Wanandi, cheo kilichokuwa mikononi mwa ukoo wa Talai. Hapana budi tukielewe cheo hicho sawasawa, kwa maana upotoshaji wa kwanza unaanzia hapo. Waingereza waliokutana na Orkoiyot walimwita mara mchawi, mara chifu mkuu, mara mfalme. Hakuwa hata mmoja wa hao. Mambo ya kila siku ya Wanandi yaliamuliwa na mabaraza ya wazee katika kila mtaa, yaani kokwet, na mambo makubwa zaidi, vita vikiwemo, yakaamuliwa na mabaraza ya pororiet, yaliyokuwa pia vikosi vya kijeshi vya kila eneo. Orkoiyot alikuwa mtu wa kuona mbali na kubariki. Mashujaa hawakwenda vitani bila idhini yake, naye alipewa sehemu ya ng'ombe waliotekwa. Aliunganisha watu ambao hawakuwa na serikali moja. Simulizi za Wanandi zenyewe huutaja ukoo wa Talai kuwa na asili ya Kimaasai, hivi kwamba nguzo ya umoja wa Wanandi ilitoka kwa wageni waliopokelewa nyumbani.

Kimnyole hakufa kifo cha heshima. Katika miaka ya mwisho ya uongozi wake nchi ilikumbwa na mikosi, na vijana wengi waliangamia katika uvamizi uliokuwa na baraka zake. Watu wakamtwika lawama zote. Mwaka wa 1890, Wanandi wenyewe walimuua kwa marungu. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa alitabiri kuja kwa watu wageni, na kuja kwa nyoka wa chuma atemaye moto na moshi, atakayetoka kwenye maji ya mashariki aende kunywa maji ya magharibi.

Hapa mwalimu makini hana budi kusimama kidogo. Utabiri wa nyoka wa chuma hausimuliwi kwa Wanandi peke yao. Wakikuyu nao humtaja mwonaji wao, Mugo wa Kibiru, kuwa aliiona reli kabla haijafika. Inawezekana kwamba habari za wageni wa pwani zilitangulia kufika bara kwa midomo ya misafara ya biashara. Inawezekana vilevile kwamba simulizi zilinawiri baada ya reli kupita. Mwanafunzi asifundishwe kuudharau utabiri huo, wala asifundishwe kuumeza mzimamzima. Afundishwe kuuliza ulisimuliwa lini, na nani, na kwa haja gani. Jambo moja halina ubishi: Wanandi waliamini kwamba walimuua mtu aliyewaonya, na imani hiyo iliongeza uzito wa kiti alichokalia mwanawe.

Kiti hicho hakikupatikana kwa urahisi. Baada ya mauaji ya Kimnyole, wanawe wawili waliwania urithi, na Wanandi wakagawanyika. Wengine walimfuata Koitalel, wengine wakamfuata ndugu yake Kipchomber arap Koilegen. Kufikia 1895 Koitalel alikuwa ameshinda. Kipchomber alikimbilia kwa Wakipsigis, akawa Orkoiyot wao wa kwanza. Hivyo shujaa tunayemsifu kwa kuwaunganisha watu alianza kwa mgogoro wa ndugu kwa ndugu, na vitabu vingi vya shule huuruka ukurasa huo kana kwamba ungemtia doa.

Mwaka huohuo wa 1895, mfanyabiashara Mwingereza aitwaye West aliuawa na Wanandi pamoja na watu wa msafara wake. Waingereza wakatuma jeshi la kuadhibu. Huo ulikuwa mwanzo wa vita vilivyochukua miaka kumi na zaidi, vita virefu kuliko upinzani mwingi uliotokea katika sehemu hii ya Afrika wakati huo. Majeshi yalirudi 1897, 1900, 1903 na hatimaye 1905.

Ni nini kilichowawezesha watu wenye mikuki, ngao na mishale kuistahimili dola kwa muda wote huo? Kwanza, nchi yenyewe ilikuwa ngome. Milima, misitu, mvua na ukungu viliwachosha askari wasiozijua njia. Pili, mpangilio wa pororiet uliwapa Wanandi vikosi vilivyoweza kupigana kila kimoja kwao, bila kungoja amri ya makao makuu. Adui alipoteketeza vijiji vya sehemu moja, sehemu nyingine zilikuwa bado salama. Tatu, walikuwa na ari ya watu waliokwisha kuwashinda majirani wenye nguvu, wakiwemo Wamaasai wa Uasin Gishu. Nne, bahati iliwapitia. Mwaka wa 1897, askari Wasudani katika jeshi la Waingereza waliasi, na maasi hayo yakawashughulisha watawala wa Uganda kwa muda mrefu.

Reli ilipokaribia, mapambano yaliongezeka. Ujenzi ulioanza Mombasa mwaka wa 1896 ulifika Kisumu, iliyoitwa wakati huo Port Florence, Desemba 1901. Wanandi walizikata nyaya za simu wakatengenezea mapambo, na wakang'oa vyuma vya reli wakafulia silaha. Kwa Waingereza huo ulikuwa wizi wa washenzi. Kwa Wanandi, njia hiyo ilipitishwa katika ardhi yao bila idhini yao.

Naomba msomaji azingatie pia jambo ambalo aghalabu halitajwi darasani. Vita hivi vilipoanza, Nandi haikuwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Ilikuwa chini ya Himaya ya Uganda, na ilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka wa 1902. Jina la Kenya halikupewa koloni hili hadi 1920, miaka 15 baada ya Koitalel kufa. Tunapomwita mpigania uhuru wa Kenya, twamvisha joho lililoshonwa baada ya mazishi yake. Alipigania watu wake, ng'ombe wake na milima yake. Taifa lina haki ya kumrithi, lakini halina haki ya kumtia kinywani maneno ambayo hakuyajua.

Mwaka wa 1905 Waingereza waliazimia kuumaliza upinzani huo. Walowezi walikuwa wakiwasili, reli ilihitaji usalama, na ardhi ya Nandi ilitamaniwa. Wakakusanya jeshi kubwa la askari wa King's African Rifles, lenye bunduki za rashasha na wasaidizi wengi wa Kimaasai. Tuseme wazi: wengi wa waliobeba bunduki dhidi ya Koitalel walikuwa Waafrika. Nao Wanandi kabla ya hapo walikuwa wamewavamia majirani zao mara nyingi, hata wako waliofurahia kuanguka kwao. Historia inayowagawa watu wa wakati ule kuwa wazalendo upande huu na wasaliti upande ule inasahau kwamba uzalendo tunaowapimia ulikuwa haujazaliwa.

Katika jeshi hilo alikuwamo ofisa mmoja wa miaka 27, Richard Meinertzhagen. Alimpelekea Koitalel ujumbe wa kutaka wakutane wazungumzie amani. Asubuhi ya Oktoba 19, 1905, katika kilima cha Ket Parak, walikutana. Koitalel alifika na wenzake. Muda si muda risasi zikafyatuliwa kwa karibu, na Orkoiyot akaanguka pamoja na zaidi ya 20 wa wafuasi wake. Meinertzhagen akachukua vitu vyake vya heshima, zikiwemo fimbo zake za uongozi, akaenda navyo.

Kuhusu kilichotangulia risasi hizo kuna masimulizi mawili. Wanandi husimulia kwamba Koitalel alikuja kwa amani, na kwamba aliuawa aliponyosha mkono kumsalimu mgeni wake. Meinertzhagen aliandika kwamba Koitalel ndiye aliyekuwa amepanga kumuua, na kwamba yeye alijiokoa tu. Wakubwa wake wenyewe hawakutulia. Uchunguzi ulifanywa mara tatu, na mara zote tatu akaondolewa lawama. Hata hivyo, mwaka wa 1906 aliondolewa Afrika Mashariki. Msomaji na ajiulize ni kwa nini mtu asiye na hatia achunguzwe mara tatu kisha ahamishwe.

Baada ya kifo cha Koitalel upinzani ulivunjika. Maelfu ya mifugo yalitwaliwa, vijiji vikachomwa, na watu wakasukumwa mbali na reli hadi katika eneo walilotengewa. Sehemu ya ardhi yao ikapewa walowezi, na anayeitembelea Nandi Hills leo ataona mashamba ya chai yakitandaa katika milima ileile. Mateso hayakukoma kwa kizazi kimoja. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel aliyekuja kuwa Orkoiyot, alikamatwa mwaka wa 1923 akishukiwa kupanga maasi. Hakuachiliwa huru hadi 1964, baada ya Kenya kupata uhuru. Alizuiliwa takriban miaka 40, muda mrefu kuliko ule wa wafungwa wengi wa kisiasa ambao dunia nzima imejifunza majina yao. Ni shule ngapi za Kenya zinazomtaja?

Sasa tumfuate yule aliyebaki hai akashika kalamu. Meinertzhagen aliishi hadi 1967. Alipanda cheo, akatunukiwa nishani, akasifika kama jasusi hodari wa Vita Vikuu vya Kwanza na bingwa wa elimu ya ndege. Nguruwe mkubwa wa msituni, anayeishi katika misitu ya Kenya, ana jina la Meinertzhagen katika lugha ya sayansi tangu 1904. Na mwaka wa 1957, zaidi ya miaka 50 baada ya tukio la Ket Parak, alichapisha shajara yake ya Kenya ya miaka ya 1902 hadi 1906. Kitabu hicho kikawa chanzo kikuu. Waliotaka kujua Koitalel alikufaje walikwenda kumuuliza aliyemuua, wakalinakili jibu lake.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Meinertzhagen ilikuwa ndefu, lakini nayo ilifika mwisho. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa ndege waliochunguza mkusanyiko wake mashuhuri waligundua kwamba ngozi nyingi za ndege alizodai kuzikusanya mwenyewe zilikuwa zimeibwa kutoka makumbusho, zikabandikwa vibandiko vipya vya mahali na tarehe za uongo. Wengine wakazipekua shajara zake wakaona dalili kwamba kurasa zake zilipigwa chapa upya na kubadilishwa miaka mingi baada ya matukio. Mwaka wa 2007 mwandishi Mmarekani, Brian Garfield, alitoa kitabu kizima kinachobomoa sifa zake, moja baada ya nyingine. Mtu aliyeweza kusema uongo kuhusu ndege mdogo aliyekufa, tutamwaminije kuhusu mtu aliyemuua kwa mkono wake?

Na hapa ndipo penye fundisho. Kwa miongo mingi, neno lililochapishwa na mtu mmoja mwenye sababu zote za kudanganya lilihesabiwa kuwa ushahidi, na neno la wazee wengi waliosimuliana kizazi kwa kizazi likahesabiwa kuwa hekaya. Haikuwa kwa sababu lile la kwanza lilipimwa likaonekana kweli. Ilikuwa kwa sababu liliandikwa, lilichapishwa, na lilitoka Uingereza.

Hata hivyo, tusidhani kwamba dawa ya upotoshaji wa mkoloni ni kupotosha kwa upande wetu. Nasi tumefanya makosa yetu, nami nayaona ni mawili.

La kwanza ni la taifa. Baada ya uhuru tulihitaji mababu wa pamoja, tukawakusanya Koitalel, Mekatilili, Waiyaki na wengineo, tukawapanga mstari mmoja kana kwamba walikuwa jeshi moja lenye shabaha moja. Kisha tukawageuza kuwa maswali ya mtihani. Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, vijana wengi walikariri sababu tano za upinzani wa Wanandi na sababu tano za kushindwa kwao, wakazitapika katika karatasi, wakazisahau kabla ya matokeo kutoka. Walijua kuhesabu sababu, ila hawakuwahi kuulizwa ni nani aliyezitoa.

La pili ni la jamii. Koitalel amefanywa mali ya watu wake na ya wanasiasa wao. Anayemtaja hutafuta kura, na asiye Mnandi huona kwamba habari hizo hazimhusu. Katika masimulizi ya namna hii, mauaji ya Kimnyole hufichwa, ugomvi na Kipchomber hufunikwa, na uvamizi dhidi ya majirani huitwa ushujaa. Shujaa asiyeruhusiwa kuwa mtu hawezi kumfunza mtu lolote.

Kumekuwa na hatua za kutia moyo. Mwaka wa 2006 fimbo za uongozi za Koitalel zilirejeshwa kutoka Uingereza, baada ya kukaa miaka 100 katika familia ya aliyezitwaa, na makumbusho yenye jina lake yapo Nandi Hills. Wazee wengi wanaamini kwamba kichwa chake nacho kilipelekwa Uingereza, na kilio cha kutaka kirejeshwe hakijanyamaza. Lakini fimbo iliyorudi bila maelezo kamili ni kuni tu. Mwaka wa 2011, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa ilikuwa imeficha huko Hanslope Park maelfu ya majalada ya makoloni yake ya zamani, ya Kenya yakiwemo. Ikiwa taifa lenye maktaba kubwa kama hizo liliweza kuficha nyaraka zake kwa nusu karne, basi nasi tusione haya kuziuliza nyaraka maswali makali.

Nini basi kifanyike? Mfumo mpya wa elimu ya umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka wa 2017, unadai kumpa mwanafunzi uwezo wa kufikiri. Hapa pana mahali pa kuujaribu. Mwalimu na awaweke wanafunzi wake mbele ya masimulizi mawili ya kifo cha Koitalel, bila kuwaambia lipi la kweli. Wamuulize kila msimulizi alikuwa wapi, alifaidika nini, aliandika au alisimulia lini, na ni nani mwingine anayemuunga mkono. Wapewe habari za uchunguzi ule wa mara tatu na za ndege wale walioibwa. Kisha waandike hukumu yao na sababu zake. Kipindi kimoja cha namna hiyo kitawafaa kuliko sababu kumi za kukariri.

Na wale walio karibu na wazee, iwe ni Nandi au Giriama, Taita au Kisii, wachukue daftari wakae nao. Waandike jina la msimulizi, siku na mahali. Waandike hata yale yasiyopendeza, kama vile Orkoiyot aliyeuawa na watu wake mwenyewe. Simulizi isiyoandikwa hufa na mzee wake, na pengo analoliacha hujazwa na yeyote aliye na kalamu.

Koitalel arap Samoei hakuacha shajara. Aliyemuua aliacha mabuku zaidi ya 70. Kwa nusu karne na zaidi, tofauti hiyo peke yake ilitosha kuamua ni nani aliyekuwa mwongo. Oktoba ijayo, kabla gwaride halijaanza kupigwa, mwalimu mmoja akiitaja tarehe 19 darasani na kuwaomba wanafunzi wake wapime ushahidi, atakuwa amemtendea haki mzee huyo kuliko hotuba nyingi za siku inayofuata.